Sindano ya Marobota

Jumatatu, saa mbili na dakika tano asubuhi, Kamisi alikuta shati lake la usaili limechorwa mkasi wa chaki nyekundu kifuani. Alikuwa amelifua mwenyewe, akalipiga pasi ya makaa, akalitundika msumarini, akaenda kunawa uso. Nyumbani kwake Ludara, huko Koboko, hapakuwa na chaki ya rangi yoyote. Hata shule ya pale iliandikia muhogo mkavu.

"Jenifer! Nani alichora hii?"

"Usiniulize mimi," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Sufuria yangu pia iko na alama."

Usaili ulikuwa Ijumaa, kiwanda cha tumbaku mjini Arua, nafasi moja tu ya mhandisi wa udhibiti wa ubora. Kamisi alisomea uhandisi ukimbizini Sudan, akarudi na shahada iliyoandikwa kwa Kiarabu, ambayo kila ofisi iliishika juu chini kwa heshima kubwa. Usaili wa kwanza alinyimwa kazi kwa kukosa barua ya mwenyekiti wa RC, baraza la kijiji. Wa pili barua ilikuwepo, ila muhuri ulikuwa wa bluu na kamati ilitaka wa zambarau. Sasa ilikuwa 1993, yeye ana miaka thelathini na tisa, na tangazo lilisema mwisho arobaini. Akikosa hii, basi.

Tatizo ni kwamba shahada haikumfundisha tumbaku. Ndiyo maana Jumapili alishusha darini sindano ya marobota ya baba yake mdogo, Sule, aliyekuwa mkaguzi wa ghala la tumbaku hadi 1979, mwaka ambao serikali ilipinduliwa na Koboko nzima ikavuka mpaka bila kuaga. Sule alifia ukimbizini. Kilichorudi ni sindano, chuma cha urefu wa mkono chenye mfereji, cha kuchoma robota la tumbaku na kuvuta jani la katikati. Jani hilo mkaguzi hulifinya kiganjani karibu na sikio. Likilia, ni zuri. Likinyamaza, lina maji, litaoza, na robota linachorwa mkasi mwekundu, alama ya kukataliwa. Kamisi aliifuta kutu, akajizoeza kwa gunia la jirani.

Kufika Jumatatu jioni sufuria ilikuwa imetoboka. Jumanne mkasi ulikuwa kwenye gunia la unga na ubavuni mwa mbuzi. Saa kumi unga ulikuwa umeota ukungu na mbuzi amelala miguu juu. Harufu ya tumbaku iliyovunda ilijaa nyumbani, na katika chumba kisicho na mtu kukasikika *kra… kra…*, kitu kikifinywa polepole. Saa saba mchana sauti hiyo ilinyamaza. Saa nane ilianza tena. Saa kumi na nusu ikakoma kabisa, na usiku wakalala vizuri kama watu wengine.

"Jini gani hii inaenda kula mchana?" Jenifer alinong'ona.

"Ya serikali," Kamisi alisema, wala hakucheka.

Jumatano alikaa mezani na madaftari yake, akijilazimisha kukariri viwango vya unyevu huku ile harufu ikimjia kisogoni, na alipogeuza ukurasa vidole vya baridi vilishika mkono wake wa kushoto, vikaufungua kiganja taratibu kama mtu anayefungua barua isiyo yake, vikaufinya, vikaulegeza, vikaufinya tena, na karibu kabisa na kidole chake gumba kitu kisichoonekana kikavuta pumzi, kikaizuia, kikasikiliza. Kisha chaki ikakwaruza. Mkasi ulikuwa juu ya shahada.

"Hata wewe!" Kamisi alipiga kelele, machozi yakimtoka kwa hasira. "Hata wewe unataka muhuri gani?"

"Twende kwa Margarita," Jenifer alisema kwa sauti ya chini. "Leo karatasi. Kesho atachora mutu."

Margarita alikuwa mpiga taipu wa ofisi ya wilaya kabla ya kuanza kutoa mapepo, na alisema kazi hizo hazitofautiani sana: watu na mapepo, wote wanataka waandikiwe. Alhamisi asubuhi alikuja na ubani na taipureta. Alifukiza, akainamia sindano, akatikisa kichwa.

"Sule ilikimbia bila kukabidhi ofisi. Miaka kumi na nne iko kazini, maskini, hakuna mutu alimwachisha."

Akapiga hati ya makabidhiano: sindano moja, hali nzuri, anayekabidhi, anayepokea.

"Anayepokea ni udongo," alimwambia Kamisi. "Tunazika sindano, mimi naweka hapa dole la matope. Wewe, mwanangu, usishike kalamu. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

Wanawake wakatoka kuchimba shimo. Kamisi akabaki na hati. Ule mstari mtupu wa anayepokea ulimtazama. Mtu aliyepoteza kazi mbili kwa fomu zenye kasoro hawezi kukaa na mstari mtupu. Mkono ulikwenda wenyewe, ukatia sahihi safi, na tarehe. Hapo hapo, kwenye mstari wa anayekabidhi, kwa chaki nyekundu, pakaandikika: *Sule*.

Harufu ikakatika. Kamisi aliikunja hati haraka, akaishika mwenyewe hadi shimoni. Margarita alipoitaka atie dole, tayari ilikuwa chini ya udongo pamoja na sindano.

"Imeteleza, mama."

Margarita akabeba taipureta yake, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa, mwenyekiti wa kamati, Bwana Ondoga, alimwekea marobota matatu. Kamisi hakuomba sindano. Mkono wake uliingia robotani hadi kiwiko, kana kwamba ni uji, ukatoka na jani la katikati. Akalifinya sikioni.

"Hili linaoza."

Wakalifungua. Lilikuwa linaoza.

"Ulijifunzia wapi hii, bwana?"

"Miaka kumi na nne kazini," kinywa chake kilijibu kabla hajafikiri.

Shahada hawakuiomba. Walimwambia aanze Jumatatu.

Jenifer alimwona akija barabarani, akatoka mbio akipiga vigelegele. "Wamekupa? Sema, baba! Wamekupa?"

"Wamenipa."

Kamisi akaupokea mkono wa mkewe kana kwamba anamsalimia, akauinua hadi sikioni, akaufinya. Akasikiliza. Akaufinya tena, kwa nguvu zaidi.

"Kamisi, unaniumiza!"

Mkono wa Jenifer haukulia. Ilikuwa saa kumi kasoro robo, saa za kazi hazijaisha, na mkono mwingine wa Kamisi ulikuwa tayari mfukoni, umeshika kitu kidogo, laini, cha unga unga mwekundu.