Mtihani wa Kiu

Kila siku baada ya shule, Chiriku alivua sare, akaitundika msumarini, akala alichowekewa, kisha akaenda kitaluni nyuma ya nyumba kumsaidia shangazi yake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupata likizo tangu anapoingia mlangoni hadi usingizi unapomchukua. Alijaza udongo na samadi kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, akamwagilia miche ya kuuza, huku akisimulia nani alichelewa darasani, nani alilia na nani alimsingizia nani.

Shangazi alikuwa muuza miche. Watu walimjia kununua michungwa, mipera na maua ya kupamba nyumba. Lakini kazi iliyomkaa moyoni ilikuwa nyingine. Kando ya ukuta wa nyuma alikuwa na safu za mikwaruza. Mkwaruza ni kichaka cha porini chenye matunda madogo meusi, na watoto walikiita hivyo kwa sababu hakuna aliyechuma matunda yake akarudi nyumbani bila mikwaruzo mikononi. Shangazi alitaka kukifuga kichaka hicho, kama watu wa kale walivyomfuga kuku na mbuzi. Alikusanya mbegu kutoka kwenye vichaka vilivyozaa vizuri porini, akazipanda, akang'oa miche dhaifu na ile yenye miiba mingi, kisha akapanda tena mbegu za ile iliyobaki. Kazi hiyo aliianza kabla Chiriku hajazaliwa.

Kila kichaka kilichobaki kilifungwa kitambaa cha rangi yake, nacho kikaitwa kwa rangi hiyo. Kimoja kiliitwa Chekundu, kingine Kijani. Vitambaa vilitoka kwa fundi cherehani, mama wa makamo aliyekuwa pia mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mlimani. Mlima wao ulikuwa wa mawe, hauna bomba wala kisima, na maharage yao yalikuwa yakikauka kabla ya kuzaa. Shangazi aliwaahidi kwamba kichaka kitakachoshinda vingine kitakuwa chao, wakipande mlima mzima.

Kwa hiyo kiangazi kilipofika, hakuna mkwaruza uliopewa maji. Shangazi alimweleza Chiriku kwamba huo ndio mtihani wao. Kichaka kisichoweza kuvumilia kiu hapa ukutani hakitaweza kule mlimani. Kila kitu kitaluni kimwagiliwe, isipokuwa safu hizo.

Chiriku alikipenda Chekundu kuliko vyote. Matunda yake yalikaribia ukubwa wa ncha ya kidole gumba, matamu, na miiba yake ilihesabika. Jua lilipopamba moto, majani yake yalianza kujikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Chiriku alikitazama, moyo ukamuuma. Chupa yake ya shuleni ilikuwa na maji kidogo yaliyobaki. Akatupa jicho huku na huku, akainua nyasi kavu zilizofunika shina, akayamimina.

Kesho yake majani yalikuwa yamenyooka. Akajiambia kwamba maji kidogo hayo si kitu. Lakini siku iliyofuata alibakiza maji kwa makusudi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na kiu njia nzima. Ikawa ndiyo desturi yake.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, vichaka vingi vilikuwa vimebaki vijiti. Kijani kilisimama imara, lakini matunda yake yalikuwa madogo kama pilipili manga, na uchachu wake ulimfanya mlaji afumbe jicho moja. Chekundu kilikuwa na majani tele na matunda juu. Shangazi alikizunguka mara kadhaa, akatikisa kichwa, akatabasamu peke yake. Siku hiyo hiyo alikwenda kumwambia fundi cherehani kwamba wamepata. Wakikubaliana siku, atakikata matawi yote yawe vipandikizi.

Tangu hapo Chiriku hakuwa na raha. Alitaka kusema, lakini kila siku iliyopita ilizidi kumfunga ulimi, maana Shangazi alikuwa akifanya kazi huku akiimba. Kaka yake Chiriku, ambaye wote walimwita Wakili kwa sababu alibishana hata na redio, aligundua ule ukimya.

"Kulikoni? Chiriku amemeza kokoto?" aliuliza mezani.

Chiriku akasingizia jino.

Siku ya kukata, fundi cherehani alikuja na wenzake wakiwa na magunia yaliyoloweshwa maji ya kufungia vipandikizi. Alieleza jinsi walivyong'oa maharage yaliyobaki na kuchimba mashimo mlima mzima. Wengine hata majembe walikuwa wameazima. Akajikanda shingo kwa mkono.

"Maji yetu yako bondeni," alisema. "Kila kichaka kisichodai maji ni ndoo moja iliyopungua kichwani kwangu."

Chiriku aliitazama ile shingo. Shangazi alifungua mkasi wa kupogolea, akashika tawi la kwanza.

"Shangazi, usikate."

Wote wakageuka.

"Chekundu kilikunywa maji," Chiriku alisema. "Mimi nilikuwa nakimwagia, kila siku nikitoka shule. Maji ya chupa yangu."

Shangazi alipiga magoti, akaziondoa nyasi kavu, akachomeka kidole kwenye udongo. Ulikuwa na unyevu. Akasogea kwenye kichaka cha jirani, akafanya vile vile, na kidole kikatoka na vumbi.

"Kwa nini, mwanangu?" Shangazi aliuliza hatimaye.

"Nilikionea huruma."

"Huruma si mbaya. Lakini ulikinong'onezea majibu ya mtihani. Sasa kimefaulu, na hakuna anayejua kama kina akili yoyote."

Fundi cherehani alicheka bila kupenda, kisha uso wake ukarudi kukunjamana. Yeye hakuwa mtu wa kuficha neno. Alimwambia Chiriku wazi kwamba mlima mzima ungekauka, na wao wangemlaumu shangazi yake kwa kosa ambalo hata halijui. Chiriku alilia, akaomba radhi. Fundi alikunja magunia yake kwanza, moja baada ya jingine, ndipo akasema, "Afadhali tulie leo kuliko mwakani."

Mashimo hayakuweza kuachwa wazi. Shangazi aliwapa mbegu za mbaazi, zinazovumilia ukame, na Jumamosi akamtuma Chiriku mlimani kusaidia kupanda. Chiriku alipanda ule mlima na ndoo kichwani, maji yakimchuruzika mgongoni, na alipofika juu hakuhitaji mtu amweleze habari za shingo ya fundi cherehani.

Mvua zilichelewa. Chekundu, kilipokosa ile chupa, kilipukutisha majani yote. Chiriku alidhani kitang'olewa. Shangazi alimweleza kwamba hakuna haja. Chekundu kimejaliwa tunda, Kijani kimejaliwa uvumilivu, na kila kimoja kinakosa alicho nacho mwenzake.

"Kwa hiyo tuvioze," alisema.

"Mshenga atakuwa nani?" Wakili akauliza.

"Mwenye kosa," Shangazi akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile Chiriku akacheka.

Mvua ziliponyesha na vichaka kuchanua, kazi ikaanza. Waliyafungua maua ya Chekundu kabla hayajakunjuka yenyewe, wakaondoa chavua yake, ule unga wa njano ulio ndani ya ua. Kisha Chiriku akachukua chavua ya Kijani kwa unyoya laini wa kuku, akaipaka taratibu kwenye yale maua. Kila ua lilivikwa kifuko cha kitambaa chepesi ili nyuki asije akaleta chavua ya kwingine. Vifuko vilishonwa na fundi cherehani, aliyesema kwamba ameshona shela za maharusi wengi, lakini harusi aliyoalikwa na ua ilikuwa hiyo tu.

Mbegu zilizopatikana zilipandwa, na miche mingi ilikuwa ya kukatisha tamaa. Mingine ilirithi uchachu wa Kijani pamoja na udhaifu wa Chekundu. Waliing'oa, wakapanda mingine. Misimu ilipita. Chiriku alikua, akampita shangazi yake kwa kimo, na hakuacha kwenda kitaluni, wala hakuacha kusimulia.

Katika safu ya mwisho kulikuwa na kichaka kilichofungwa kitambaa cheupe. Kilipitia viangazi viwili, majani yake mazito hayakujikunja, na matunda yake yalikuwa makubwa, matamu, yenye uchachu kidogo wa kupendeza. Fundi cherehani aliitwa tena. Alionja tunda, akaonja jingine, kisha akamkazia Shangazi macho.

"Una hakika hiki hakikupewa maji?"

"Mimi sikuwa hapa mchana," Shangazi alisema. "Muulize aliyekilinda."

Fundi akamgeukia Chiriku.

"Hakikupata hata tone, mama," Chiriku alisema. "Wiki ile ya joto kali nilitamani sana. Nikaingia ndani, nikafunga mlango."

Fundi alimtazama kidogo, kisha bila kuuliza zaidi akaanza kutandaza magunia.

"Umeona alivyokuamini?" Shangazi alimwambia Chiriku. "Kosa lako lilituchelewesha, hilo siwezi kulificha. Lakini ungenyamaza siku ile, leo hata ungeapa nani angekusikiliza? Huruma inayofichwa inaweza kumuumiza yule yule unayetaka kumsaidia. Mtu akisema kweli siku inapomuuma, siku nyingine neno lake peke yake linatosha."

Akamkabidhi mkasi. Chiriku akachagua tawi lililokomaa, akalikata chini kidogo ya kifundo kama alivyofundishwa, akampa fundi cherehani. Kisha akaanza kumsimulia, tangu mwanzo, jinsi kila mche ulivyofeli kabla ya huo.