Mgeni Aliyekaribishwa na Shamsia

Jumamosi ya tatu, mwanamke wa kwenye picha alitokea amevaa kanga ya Shamsia. Ilikuwa ileile, yenye tundu la pasi pembeni.

Shamsia ndiye aliyewafasiria watu sinema za mchana kila Jumamosi, kwa Kiswahili na Kiha, ndani ya ghala la kahawa la kaka yake Gharibu, pale Kasulu, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mwaka huo wa sabini na nne walikuwa na picha moja tu: jini anabisha mlango, mwanamke anafungua, jini anamnyonga. Mlangoni mwanamke hasemi kitu. Lakini Shamsia, mdomo wake hauna breki, aliona aibu mgeni kuingia kimyakimya, akamtilia maneno: "Karibu ndani." Watu walicheka sana.

Jumamosi ya nne, hata uso wa mwanamke yule ukawa wa Shamsia. Ghala likanuka nywele zilizoungua, na vidole vya baridi vikamtua Shamsia shingoni.

"Naizima," Gharibu alinong'ona, akiwa kwenye mashine ya sinema. "Nikakuitie mganga kule Manyovu."

"Ukizima, atanibakia shingoni. Mimi ndiye niliyemkaribisha. Iache iende, kaka."

"Mwishoni yule mwanamke anakufa, Shamsia."

"Yule mjinga. Mimi simo."

Jini akabisha, na mwanamke mwenye uso wa Shamsia akauendea mlango kama siku zote, na miguu ya Shamsia nayo ikaanza kwenda bila yeye kuiamuru, harufu ikizidi, watu wakisogeleana kwenye mabenchi, mpaka mkono wa kwenye picha ukashika komeo na yeye akahisi baridi ya chuma kiganjani.

Aliogopa mno. Kisha hasira zikampanda.

"Nilikosea kukukaribisha," akasema, watu wote wakisikia. "Hapa huingii. Rudi ulikotoka."

Mwanamke akaachia komeo. Akaburuta kinu, ambacho hakikuwamo kamwe kwenye picha ile, akakizibia mlango. Mkanda ukaisha. Vidole vikatoka shingoni.

Ndipo mlango wa ghala ukabishwa.

"Hodi jamani," ikasema sauti huko nje. Ilikuwa sauti ya Shamsia mwenyewe.

Watu mia nzima, waliofunzwa kuitikia hodi tangu wadogo, wakauma midomo. Gharibu alikuwa akilia. Shamsia akalivuta benchi hadi mlangoni, akalikalia.

"Bisha," akasema. "Bisha mpaka uchoke."