Mkanda wa Mwisho wa Aksel

Jumamosi asubuhi, Bi Thyra Lund, mwenye sinema ndogo ya mji wa Svendborg, alifungua chumba cha mitambo akakuta mkanda wa mwisho wa filamu hauko. Ilikuwa filamu kongwe ya wanasarakasi, nakala pekee iliyosalia, na ilikuwa ionyeshwe jioni ile.

Inspekta Holk alikuta kufuli zima. Dirisha dogo la ghorofa ya pili, juu ya bomba la maji, lilikuwa wazi, na kizingiti chake kilikuwa na alama za vidole za unga mweupe.

Thyra alimshuku Asmussen, mkusanyaji wa filamu aliyekuwa akimbembeleza mwaka mzima amuuzie nakala ile. Holk alimkuta nyumbani, mkono wake uliovunjika umefungwa plasta nyeupe. Asmussen alikiri kwamba aliitamani, ila akauliza kwa mkono mmoja angepandaje bomba la maji mpaka ghorofa ya pili. Holk akaona hoja ina uzito. Kwa hiyo mwizi alikuwa mpandaji hodari, tena mtu wa kupaka mikono unga ili isiteleze.

Akaenda kwenye ukumbi wa mazoezi, ambako Dagny Riber, mwenye miaka sitini na miwili, alifundisha watoto bembea za sarakasi. Katika filamu ile Dagny alikuwa msichana, akibembea na kaka yake, Aksel, aliyeanguka akafa mbele ya kamera. Mji mzima ulisema dada ndiye aliyemwachia.

Holk alisubiri watoto watoke.

"Bi Dagny, mkanda uko wapi?"

Mama yule alijifuta unga mikononi. "Kabatini. Sikutaka watoto hawa waione mikono yangu ikimwachia."

"Mbona hukuuchoma?"

"Ningewezaje? Humo ndimo kaka yangu bado anaruka."

"Umewahi kuutazama?"

Akatikisa kichwa.

Adhuhuri Thyra aliuonyesha mkanda, na watazamaji walikuwa wao watatu tu. Aksel alibembea kuelekea kwa dada yake. Dagny alinyoosha mikono. Kabla vidole havijagusana, kamba ya bembea ya Aksel ilikatika, akaenda chini.

"Hukumwachia," Holk alisema. "Hakukufikia."

Dagny aliomba urudishwe nyuma, wakaurudisha mara tatu. Thyra alisema hana mashtaka. Dagny alilia kidogo, akapenga kamasi, kisha akamwomba Thyra awawekee safu nzima ya mbele jioni ile, yeye na wanafunzi wake.