Kitambaa cha Sekela na Kisanduku Kisichosikia

Sekela ana miaka sita. Meno mawili ya mbele hana. Yameng'oka.

Anaishi Tukuyu, kule kwenye migomba mingi na mvua isiyochoka. Anaishi na Bibi na Mjomba Lusajo.

Mama yake alikuwa Dodoma, chuoni, akisomea ufundi wa umeme. Ndiyo, Mama! Anapanda ngazi, anashika koleo, na taa zinawaka, pa!

Kila alipokuja likizo, Mama alimwambia Sekela neno moja.
"Fundi anaangalia kwanza. Halafu ndipo anashika."

Sasa, nyumbani kwa Bibi kuna vitambaa. Jamani, vitambaa! Kitambaa kwenye meza. Kitambaa kwenye kochi. Kitambaa kwenye redio. Hata birika la chai lina kitambaa chake.

Vyote amefuma Bibi, kwa uzi mweupe na sindano ya kufumia. Vina matundu madogo madogo, yamepangwa kama maua.

"Vizuri kweli," Bibi husema, akinywa chai. "Ila chai ya Tukuyu, loo! Ukigeuka tu, imepoa."

Kitu kimoja tu hakikuwa na kitambaa. Ni kile kisanduku cheusi kilichokaa chini ya runinga.

Kisanduku hicho huchukua picha kutoka kwenye intaneti na kuzipeleka kwenye runinga. Ukibonyeza rimoti, tiki! Kisanduku kinakonyeza kwa taa ya bluu, kop! Maana yake, nimesikia.

"Maskini," Sekela alisema. "Wenzake wote wamevaa. Chenyewe kiko uchi."

Basi Sekela akaanza kufuma. Kilikuwa kitambaa chake cha kwanza kabisa tangu azaliwe.

"Legeza mkono, mjukuu wangu," Bibi alimwambia. "Usivute uzi hivyo. Acha matundu."

Lakini Sekela alivuta. Alivuta mpaka ulimi ukachungulia kwenye pengo la meno.

Wiki mbili zikapita. Kitambaa kikaisha. Kilikuwa kinene. Kilikuwa kigumu. Hakikuwa na tundu hata moja.

Sekela alikitazama, akaona hakuna kitambaa kizuri kama kile Tukuyu nzima.

Ikafika Jumamosi. Si Jumamosi hivi hivi tu. Siku hiyo Mama alikuwa anahitimu!

Asubuhi na mapema, Sekela alikivisha kisanduku kitambaa chake. Kikafunika juu. Kikashuka mbele. Kikakaa sawasawa.

Bibi akapiga vigelegele. "Lililililili! Fundi wangu wa uzi!"

"Mh!" alisema Mjomba Lusajo. "Leo kisanduku kimependeza kunishinda mimi."

Sekela alijaa fahari. Alitembea nyumba nzima mikono ikiwa kiunoni.

Saa nane mchana, chuo cha Mama kilikuwa kinaonyesha mahafali mubashara. Mubashara maana yake ni sasa hivi, wakati huo huo. Yanatokea kule, unayaona huku.

Na Mama alikuwa ametoa ahadi kwenye simu.
"Nikiitwa, nitapunga mkono mara mbili. Mara ya kwanza ni ya Bibi. Mara ya pili ni ya Sekela. Mnitazame!"

Bibi alivaa kitenge kipya, akakaa mbele kabisa. Siku hizi macho ya Bibi hayaoni vitu vidogo, hata kwa miwani. Picha ya kwenye simu kwake ni ukungu mtupu. Kwenye runinga kubwa ndiyo anaona.

"Mwanangu huyu nimemsomesha kwa ndizi," Bibi alisema. "Mkungu kwa mkungu, kichwani mpaka sokoni. Leo nataka nimwone kwa macho yangu mwenyewe."

Jirani yao, Mzee Ambakisye, alikuja na kiti chake. Kila aendako huenda na kiti chake. Viti vya watu havimfai, anasema, vinamfinya.

Kwenye runinga kulikuwa na picha ya mlima. Mlima tu, umetulia, ndiyo picha ya kisanduku kinapongoja kuambiwa.

Mjomba Lusajo akashika rimoti.
Tiki! Tiki! Tiki!
Kimya.
Kisanduku hakisikii!

"Betri hizi," alisema Mjomba.

Akazitoa. Akazisugua kwenye suruali. Ya kulia akaiweka kushoto, ya kushoto akaiweka kulia.

Tiki! Tiki! Tiki!
Kimya.
Kisanduku hakisikii!

Akaleta betri mpya, bado ziko kwenye karatasi yake.

Tiki! Tiki! Tiki!
Kimya.
Mlima umetulia vile vile.

Mjomba akafungua mahafali kwenye simu yake. "Yamwe, jamani! Wameshaanza kuita majina! Wako herufi A!"

"Nionyeshe," alisema Bibi. Akaisogeza simu karibu. Akaisogeza mbali. Akatikisa kichwa. "Naona ukungu tu, Lusajo."

Mzee Ambakisye akainuka kwenye kiti chake. "Nyie watoto! Huo ni mtandao. Mvua ya Tukuyu imeulowesha."

Akakichukua kile kifaa cha intaneti chenye antena mbili. Akakiweka juu ya kabati. Akakiweka dirishani. Mwisho akakiweka kichwani kwake, akasimama wima.

"Haya, jaribu sasa!"

Tiki! Tiki! Tiki!
Kimya.
Kisanduku hakisikii!

"Lakini babu," Sekela aliuliza, "mbona simu ya Mjomba inaonyesha? Si inatumia mtandao huo huo?"

Mzee Ambakisye akakohoa. Akakishusha kifaa polepole. "Eh. Kumbe mtandao upo."

"Herufi H!" alisema Mjomba.

"Tuzime, tuwashe," akasema tena. "Hiyo haijawahi kushindwa."

Akazima kila kitu. Wote wakahesabu pamoja. Hesabu na wewe!
Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi!

Akawasha. Runinga ikawaka. Mlima ukarudi.

Tiki! Tiki! Tiki!
Kimya.
Kisanduku hakisikii!

"Herufi L," alisema Mjomba. Safari hii alisema kwa sauti ndogo.

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake kipya. Akaivaa. Akautazama mlima.

Sekela alimwona Bibi, na roho ikamuuma. Akakumbuka neno la Mama.
Fundi anaangalia kwanza. Halafu ndipo anashika.

Sekela akalala kifudifudi kwenye mkeka, kidevu chini. Akaangalia.

Aliangalia waya. Waya umechomekwa vizuri.
Aliangalia runinga. Runinga imewaka.
Aliangalia kisanduku.

"Mjomba, bonyeza tena."

Tiki!

Sekela alingoja kile kikonyezo cha bluu. Hakukiona. Taa ya bluu iko wapi leo?

Iko nyuma ya kitambaa.

Kitambaa kinene. Kitambaa kigumu. Kitambaa kisicho na tundu hata moja.

Kitambaa cha Sekela.

Vitambaa vya Bibi vina matundu, taa ingepenya. Chake kimeziba kama ukuta. Kisanduku hakijaharibika. Kimefungwa macho!

Na hakuna aliyejua. Ni yeye tu.

Nikisema, watajua kitambaa changu ni kibaya, Sekela aliwaza. Asubuhi walinipigia vigelegele. Nisiposema, Mama atapunga mkono, na Bibi hatamwona.

"Herufi M!" Mjomba akaruka. "M! Jamani, M ni ya dada!"

Jina la Mama ni Anyitike Mwasandube. Bahati nzuri, watu wa huku kwetu wanaoanza na Mwa hawahesabiki.

"Mwaipopo!" simu ikaita. "Mwakajinga! Mwakalinga! Mwakatobe!"

Sekela akasimama.

"Ni kitambaa changu," alisema.

"Kimefanya nini?" aliuliza Mjomba.

"Kisanduku kina jicho. Rimoti inaongea na lile jicho. Kitambaa changu kimeliziba." Sekela akakionyesha kwa kidole. "Mimi ndiye nimeliziba."

Simu iliendelea kuita majina.
"Mwakipesile! Mwakyusa! Mwambene!"

Bibi akageuka. Hakununa. Hakucheka.

"Sasa unangoja nini, fundi?" alisema Bibi. "Kifunue!"

Sekela akakishika kitambaa kwa mikono miwili. Akakivuta, taratibu. Jicho la kisanduku likaonekana, dogo kama punje ya mtama.

Mjomba akampa rimoti. "Bonyeza wewe."

Sekela akabonyeza.
Tiki!
Kop!
Kisanduku kimesikia!

Mlima ukaondoka. Ukaja ukumbi mkubwa, na jukwaa, na watu wamevaa majoho meusi.

"Anyitike Mwasandube!"

Huyo! Mama! Joho jeusi, kofia kichwani, tabasamu limejaa runinga nzima.

Mama akasimama katikati ya jukwaa. Akapunga mkono mara moja.

Bibi akainuka kama msichana. "Namwona! Namwona mwanangu! Ndaga fijo, Mungu wangu! Asante sana! Namwona!"

Mama akapunga mkono mara ya pili.

"Hiyo ni yangu!" Sekela akapiga kelele. Naye akapunga, juu kabisa, kitambaa kikiwa mkononi.

Bibi akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia uani. "Lililililili!" Mjomba Lusajo akacheza peke yake. Mzee Ambakisye alifuta machozi, akasema ni moshi wa jikoni. Jikoni hakukuwa na moto.

Mahafali yakaisha. Sekela akakikunja kitambaa chake, kidogo, kidogo zaidi, akampa Bibi.

"Kitupe, Bibi. Hakina matundu. Hakifai."

"Nikitupe?" Bibi alishangaa. "Nitupe kazi ya mkono wako? Thubutu! Ngoja."

Bibi akapika chai. Akamimina kwenye birika. Akalivua birika kile kitambaa chake chenye matundu. Akalivika kitambaa cha Sekela, akakizungusha vizuri, akakifunga.

Wakala ndizi. Wakaongea. Mzee Ambakisye akaeleza mara tatu jinsi alivyobeba mtandao kichwani. Saa nzima ikapita.

Ndipo Bibi akamimina chai. Akanywa kidogo. Macho yakamtoka.

"Ya moto!" alisema. "Lusajo, onja! Bado ya moto!"

Mjomba akaonja. "Yaani imeniunguza ulimi!"

"Mnaona?" alisema Bibi. "Miaka yote nanywa chai ya baridi. Vitambaa vyangu vizuri, lakini vina matundu, joto linatoroka. Hiki cha Sekela hakiruhusu kitu kupita. Kilikuwa kimekosa mahali pake tu."

Sekela alilitazama birika. Lilikuwa limevaa vizuri, limenenepa kidogo. Fahari yake ikarudi yote, na nyingine juu yake.

Usiku ukaingia. Mvua ikaanza, cha, cha, cha, juu ya bati. Sekela alikuwa ameshapanda kitandani simu ilipolia.

"Mliniona?" aliuliza Mama.

"Tulikuona mara mbili!" alijibu Bibi. "Kisanduku kiligoma. Wakubwa wote tukashindwa. Aliyekitengeneza ni fundi mdogo wa nyumba hii."

"Sekela? Ulifanyaje, mwanangu?"

"Niliangalia kwanza," alisema Sekela. "Halafu nikasema ukweli. Halafu ndipo nikashika."

Sauti ya Mama ikaja, nzito kidogo.

"Hilo la katikati sikukufundisha mimi," alisema. "Hilo umejua mwenyewe. Basi leo tumehitimu mafundi wawili."

Bibi akamfunika Sekela blanketi mpaka kidevuni. Pembeni ya mto kulikuwa na uzi mweupe na kitambaa kipya, ndiyo kwanza kimeanza. Hiki ni cha kisanduku. Kitakuwa na matundu, na mbele kabisa kitakuwa na dirisha la jicho.

"Legeza mkono," Bibi alinong'ona.

"Nitalegeza," alisema Sekela, akipiga mwayo.

Sebuleni, Mjomba alibonyeza rimoti kuzima runinga.
Tiki.
Kop.
Kisanduku kikasikia, kikalala. Sekela naye akalala.