Viatu Pacha vya Bwana Mkubwa

Kila jioni, kabla ya kwenda kazini, mama alifunga kitambaa cheupe kichwani, akatia aproni ndani ya mkoba, akambusu mtoto, kisha akageuka mlangoni na kumwangalia binti yake.

"Chakula cha bibi?"

"Kiko mezani, mama."

"Na viatu vya Bwana Mkubwa?"

"Nitamvalisha. Mama, unachelewa!"

Mama alikuwa mwokaji wa mikate. Kiwandani kwao matanuri yaliwashwa jua likizama, na mikate ilitoka alfajiri. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa leo huku kesho kule. Kwa hiyo usiku nyumba ilibaki na watu watatu. Kulikuwa na bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na masikio yake yalisikia tu yale aliyotaka kuyasikia. Kulikuwa na Bwana Mkubwa, mtoto wa mwaka na kitu, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyoiamrisha nyumba nzima. Na kulikuwa na dada yake, mwanafunzi wa darasa la sita, ambaye jengo zima la ghorofa lilimwita Kiguu na Njia, au Kiguu tu kwa kifupi.

Jina lilimfaa. Hakujua kutulia. Alipiga mswaki huku akizunguka chumbani, alifanya hesabu akiwa amesimama, na mwalimu wake aliwahi kumuuliza kama kiti chake kilikuwa na siafu.

Bwana Mkubwa alizaliwa na miguu iliyopinda, nyayo zikiwa zimegeukia ndani na visigino vimepanda juu. Madaktari huita hali hiyo mguu kifundo. Zamani watoto wengi wa namna hiyo walifanyiwa upasuaji mkubwa. Siku hizi daktari huinyoosha miguu polepole kwa mikono, akaifunga plasta ngumu, akaifungua, akainyoosha tena, mpaka inakaa sawa. Daktari wa mifupa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alimfanyia Bwana Mkubwa hivyo tangu akiwa mchanga. Mwishowe aliikata kidogo kano ya kisigino ili kisigino kishuke. Miguu ikanyooka, mama akalia kwa furaha.

"Usimalize machozi yote, mama," daktari alimwambia. "Kazi bado. Mguu huu haujasahau ulikotoka. Usipoushika, utarudi. Alale na viatu hivi kila siku mpaka afikishe miaka minne au zaidi."

Viatu vyenyewe vilikuwa viwili vilivyounganishwa na upau katikati. Ndiyo maana nyumbani waliviita viatu pacha. Vya zamani vilikuwa na upau wa chuma usiokunjika, lakini kliniki ilikuwa inajaribu aina mpya. Upau wake ulikuwa mwepesi, wenye bawaba, ili mtoto aweze kurusha mguu mmoja bila kuburuta mwingine. Fundi wa karakana ya hospitali alivitengeneza mwenyewe. Baadhi ya watoto walipewa vya chuma, wengine vipya, ili daktari alinganishe aina ipi ni bora. Bwana Mkubwa alipata vipya.

Hata hivyo, hakuvipokea kwa shukrani. Kila alipovalishwa alipiga kelele kama mtu aliyenyang'anywa kiti cha enzi. Dawa yake ilikuwa moja: mtu akae naye, amsukumie miguu juu na chini huku akimwimbia, mpaka asahau. Mama aliweza. Kiguu alipojaribu, mikono ilikuwa kwa mtoto lakini masikio yalikuwa nje.

Mvua zilipoanza, watoto wa jengo walihamia kuruka kamba kwenye ukumbi wa chini, penye taa. Jioni moja rafiki yake Kiguu, msichana aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alichungulia mlangoni.

"Unakuja au huji? Timu yetu imepungukiwa."

"Huyu hataki kulala!"

"Si umvue hivyo viatu? Hata mimi ningelia."

Kiguu alimtazama bibi. Bibi alikuwa anasinzia. Akafungua mikanda. Bwana Mkubwa alinyamaza papo hapo, akaweka kidole mdomoni, akalala. Ilikuwa rahisi mno. Kiguu aliteremka ngazi mbili mbili, akaruka kamba mpaka jasho likamtoka, akarudi, akalala fofofo. Asubuhi alishtuka, akamvalisha mdogo wake haraka kabla ufunguo wa mama haujagusa kitasa.

"Alilalaje?" mama aliuliza, akinukia unga.

"Vizuri sana," Kiguu alijibu. Na kweli, mtoto alikuwa amelala vizuri.

Alijiambia ni mara moja tu. Lakini kesho yake kamba ilimwita tena, na keshokutwa pia. Baadaye hata jioni ambazo hakutoka, alimvua tu ili apate amani. Kila asubuhi aliamka mapema, akamvalisha kabla mama hajafika. Mama alipokunja shuka na kuviona viatu miguuni mwa mtoto, alitabasamu. Tabasamu lile lilimchoma Kiguu kuliko kofi, lakini hakujua aanzie wapi kusema. Siku zikageuka miezi.

Siku ya kliniki ilipofika shule zilikuwa zimefungwa, hivyo Kiguu aliwasindikiza. Daktari alimlaza Bwana Mkubwa kitandani, akaukunja mguu wa kushoto, akaukunja wa kulia, akaurudia tena wa kushoto. Uso wake ulibadilika.

"Mama, kisigino hiki kimeanza kupanda. Na tazama, unyayo unageukia ndani."

Mama alishika ukingo wa kitanda. "Haiwezekani, daktari."

"Niambie ukweli, sitakugombeza. Anavaa viatu?"

"Kila usiku. Nikirudi asubuhi namkuta navyo. Naapa."

Daktari alimwamini, kwa sababu mama alisema alichokijua. Akamwita fundi kutoka karakana. Alikuja mzee mfupi, penseli sikioni, akavichukua vile viatu, akavigeuza, akapima pembe ya nyayo, akafungua na kufunga bawaba.

"Nimekosea wapi?" alinong'ona, kana kwamba anaviuliza viatu vyenyewe.

"Pengine upau huu umelegea mno," daktari alisema. "Mtoto anavaa inavyotakiwa na bado mguu unarudi. Naogopa kuwapa watoto wengine. Mama, tutaanza plasta upya leo. Ikigoma, akikua kidogo itabidi tumfanyie upasuaji wa kuhamisha kano."

Kiguu alikuwa amesimama kando ya dirisha. Mguu wake mmoja ulikuwa unagonga sakafu, ta-ta-ta, wala hakuweza kuuzuia.

Njiani kurudi, mama alimbeba Bwana Mkubwa na plasta zake. Walipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Labda kosa ni langu. Mama gani anawaacha watoto usiku kwa ajili ya mikate? Nitaacha kazi."

"Usiache, mama!"

"Kwa nini?"

"Unaipenda," Kiguu alisema kwa sauti ndogo.

Tangu siku ile mwili wake haukupata pa kukaa. Alishuka ukumbini, akajikwaa kwenye kamba mara kwa mara mpaka timu ikamtoa. Alipanda nyumbani, akashuka tena. Usingizi ulimruka kila aliposikia plasta za mdogo wake zikigongana kitandani.

"Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia," bibi alimwambia. "Una nini wewe?"

"Sina kitu, bibi."

"Haya. Ila mficha maradhi, kilio humfichua."

Kumbe leo masikio ya bibi yalikuwa mazima! Kiguu alikimbilia kwa Kasuku, akamweleza yote. Kwa mara ya kwanza Kasuku alimsikiliza mtu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyamaza tu. Si wanamtibu? Atapona, nani atajua?"

Maneno yale yalipaswa kumtuliza. Hayakumtuliza hata kidogo.

Waliporudi hospitali kubadilisha plasta, foleni ilikuwa ndefu, na Kiguu alishindwa kukaa. Alitembea koridoni mpaka akafika mlango wa karakana. Ndani, fundi alikuwa ameinama mezani, anafungua bawaba moja baada ya nyingine na kuzitupa ndani ya boksi. Mbele yake alisimama dada mmoja kijana, amembeba mtoto mchanga mgongoni.

"Baba, nakuomba," dada yule alisema. "Na hivi vipya mwanangu analala. Vile vya chuma alikuwa analia mpaka jirani wananigongea ukuta."

"Najua, mwanangu. Hata mimi inaniuma. Lakini daktari amesema tuvisimamishe kwanza. Kuna mtoto amevaa vizuri kila usiku na miguu yake imerudi. Siwezi kuwapa watu kitu kinachoharibu watoto."

Akachukua bisibisi nyingine.

"Si viatu!" Kiguu alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka.

Wote wawili waligeuka.

"Si viatu," alirudia, machozi yakimlengalenga. "Mtoto huyo ni mdogo wangu. Hakuvaa. Nilikuwa namvua mimi, halafu asubuhi namvalisha mama asijue."

Fundi aliweka bisibisi chini taratibu sana. Hakupandisha sauti. "Umemwambia mama yako?"

"Hapana."

"Basi twende. Nitakushika mkono, lakini kusema utasema wewe."

Mama alikuwa tayari ndani kwa daktari. Kiguu alisimama katikati ya chumba na, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, alitulia. Alieleza tangu jioni ya kwanza ya mvua, bila kumsingizia Kasuku, bila kumsingizia bibi.

Mama alimgeukia. "Kila asubuhi nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na kila asubuhi ulinijibu."

"Nisamehe, mama."

Mama aligeuza uso, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

Daktari alivuta kiti, akakaa ili macho yake yalingane na ya Kiguu. "Ulichofanya kimemrudisha nyuma mdogo wako, na siwezi kukuambia ni jambo dogo. Lakini kuna jingine. Sisi hapa tunajaribu kujua kitu ambacho hatukijui. Tukipewa jibu la uongo, hata na mtu mmoja, tunaweza kutupa dawa nzuri na kushika mbaya. Watoto ambao huwajui wangelalia chuma kwa sababu yako. Leo umewaokoa."

Kisha akamgeukia mama. "Na mimi nina kosa langu. Nilikuuliza kama anavaa. Sikuuliza nani anamvalisha. Wazazi wengi wanafanya kazi usiku. Nilipaswa kuzungumza na huyu tangu mwanzo, nimfundishe, nimuulize kama anaweza. Kuanzia leo nitauliza kila familia."

Fundi alirudi karakana na kuokota bawaba zake kutoka kwenye boksi.

Miguu ya Bwana Mkubwa ilikuwa bado laini, na plasta zilifanya kazi. Visigino vilishuka, nyayo zikanyooka tena. Upasuaji haukuhitajika. Siku ya kurudishiwa viatu pacha, fundi alimkalisha Kiguu mbele yake. "Kunja goti lake kwanza. Sukuma kisigino mpaka kiguse chini. Sasa kaza mkanda wa katikati kabla ya mingine. Kisigino kikielea, mguu utachubuka, na hapo ana haki ya kulia." Kiguu alijaribu, akakosea, akajaribu tena mpaka fundi akaridhika.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi mara moja. Kwa muda mrefu mama alipotoka alimwomba jirani wa mlango wa pili apite kuangalia, na Kiguu alijua kwa nini. Bwana Mkubwa naye alipiga kelele zake. Kiguu alikaa, miguu ikimwasha kutaka kukimbia, akamsukumia juu na chini, akaimba nyimbo zote alizozijua na nyingine akazitunga. Siku nyingine alishuka ukumbini wenzake wamekwisha kukunja kamba. Siku nyingine aliwawahi.

Jumapili moja mama alikuwa na mapumziko. Bwana Mkubwa alikuwa anatembea sebuleni, nyayo zote mbili zikikanyaga sawasawa, akiwa amebeba kijiko kama fimbo ya jemadari. Mama alimtazama akicheka, kisha akamwita Kiguu akae karibu yake.

"Kiwandani kwetu," alisema, "kijana mmoja aliwahi kusahau kutia hamira. Alikumbuka unga ukiwa bado mezani, akaogopa, akanyamaza. Mikate yote ikaingia tanuri, ikatoka migumu kama matofali, na asubuhi watu wakaamka hawana mkate. Siku nyingine mwenzake akasahau hivyo hivyo, lakini akapiga kelele mapema, 'Jamani, nimekosea!' Tukakanda upya. Tulichelewa kidogo tu."

"Kosa lilikuwa lile lile," Kiguu alisema polepole.

"Lile lile. Kila mtu husahau, kila mtu huchoka, na wewe ulikuwa mtoto uliyebebeshwa kazi ya mtu mzima. Ungeniambia siku ya kwanza kwamba huwezi, tungetafuta njia. Kazi ikikushinda, sema ingali mezani, mwanangu. Usingoje iingie tanuri."

Kiguu alishusha pumzi.

"Basi mama, nikuambie jambo. Ile kazi ya kumwosha bibi miguu kila Jumapili..."

"Imekushinda?"

"Anapiga mateke kuliko Bwana Mkubwa!"

"Nimesikia!" bibi aliita kutoka chumbani, na wote wawili wakaangua kicheko.