Onyo la Fundi Nililoliita Utani

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka sabini na miwili, ni karani mstaafu na mkazi wa Ruangwa. Katika muda wote wa utumishi wangu hakuna mkuu aliyewahi kukuta mfuto katika daftari langu. Silisemi hili kwa majivuno. Nalisema kwa sababu mstari mmoja, nilioandika kwa mwandiko safi kabisa, ulikuwa uongo... na uongo huo ulimharibia mtu maisha yake!

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa karani wa gereji huko Nachingwea, enzi za mashamba makubwa ya karanga. Niliandika gari gani limetengenezwa na nani, kisha nikaliruhusu kutoka. Bila saini yangu, lori halikuvuka geti.

Fundi wetu hodari aliitwa Issa, mzaliwa wa Kiegei. Ukoo wake na wetu wa Matambarale ni watani tangu enzi za mababu. Wenzangu wa kusini wanaelewa: mtani hukutukana hadharani nawe huruhusiwi kununa, na siku ya msiba wako yeye ndiye huja kuwachekesha wafiwa. Kila asubuhi Issa alinisalimu, "Hujafa tu, mtani? Sanda yako itaoza dukani!" Nami nilimjibu kwamba nasubiri yake itangulie.

Wakati huo iliamriwa lori moja liinuliwe, kwa kuwa njia za mashambani zilijaa visiki vilivyokwaruza matumbo ya magari. Mafundi walipachika vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, nalo likasimama juu kuliko malori yote uwanjani. Lilipendeza mno!

Ikabaki kazi ya shokomzoba, zile silinda za mafuta zinazolituliza gari lisirukeruke. Issa alizirudisha zile fupi za zamani kwa muda, ili lori lisogezwe tu, kisha akaja dirishani kwangu.

"Mtani," akasema, "mmelipatia lori miguu ya twiga, mkaliachia mikono ya kobe. Gurudumu likitumbukia shimoni, mkono utanyooka mpaka ung'oke. Nipe siku mbili niinue vishikio vya chini, mikono ifike. Bila hivyo nitakula ubwabwa wa msiba wenu!"

Niliangua kicheko.

"Usicheke, bwana. Leo sitanii."

Lakini jana yake alinijia na uso ule ule mkavu, akaniarifu kwamba mama mkwe wangu amefika getini. Nilikimbia kuvaa koti, nikatoka nje... hapakuwa na mtu! Gereji nzima ilinicheka hadi jioni. Je, ningekubali kufanywa mjinga mara mbili? Nilimwambia akawatishe watoto wa Kiegei.

Asubuhi ile ile aliponionya lilihitajika lori la kupeleka mbegu Ruangwa. Dereva alikuwa Bakari, mdogo wangu wa tumbo moja. Aliniuliza kama lile refu liko tayari. Nilijibu kwamba liko tayari, nikatia saini. Alinipungia mkono akicheka, akasema kwamba sasa anawaona wenzake wote kama sisimizi.

Hakufika Ruangwa.

Kwenye mteremko wa kijito gurudumu la mbele lilizama katika shimo. Shokomzoba ikanyooka, ikang'oka, ikalikata bomba la breki. Lori likaporomoka na kumlalia Bakari. Alitolewa akiwa hai, lakini mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Msimamizi wa gereji alituita ofisini. Issa alieleza kwa utulivu kwamba alinionya. Msimamizi akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli.

Wasomaji, nilipiga hesabu upesi! Nikisema ndiyo, kazi imekwenda. Tena mdogo wangu atajua kwamba mguu wake nimeukata mimi, kwa kalamu! Issa alinitazama bila kupepesa...

Nilijibu, "Hapana, bwana. Alinitania tu."

Niliamriwa niandike. Nikaandika: fundi hakutoa onyo lolote.

Issa hakubishana. Alisema, "Haya, mtani," akaondoka. Alifukuzwa siku ile ile, na hakuna gereji iliyompokea tena. Fundi yule akaishia kupalilia mihogo Kiegei. Kila tulipokutana sokoni alinisalimu kwa adabu, bila tusi hata moja. Hakuna adhabu iliyoniuma kuliko adabu ile!

Bakari naye aliishi na gongo lake, akimlaani Issa kila mvua iliponyesha na kidonda kuuma. Nilimsikia. Nilinyamaza. Alikufa akimlaani mtu asiye na kosa... Ni mimi niliyestahili laana ile!

Mwaka jana Issa alifariki. Nilikwenda Kiegei kumzika, na wanawe wakanisukuma mbele: "Mtani kaja! Tuchekeshe, babu!" Nilisimama kando ya kaburi, nikasema kwamba marehemu alinionya, mimi nikadanganya, nikamfukuzisha kazi.

Wakacheka! Walicheka hadi mjane wake akajifuta machozi, akasema kwamba hajapata kuona mtani mahiri namna ile. Niliapa kwamba ni kweli. Wakazidi kucheka...

Ndiyo maana nayaandika haya gazetini, mahali ambapo sina mtani. Issa alionya. Aliyedanganya ni mimi. Wanawe wasome, na wajue kwamba baba yao alikuwa fundi kamili.

Nawe kijana unayeshika kalamu ya ofisi, nakusihi: mtu akikuletea onyo, hata akilileta kwa mzaha, nenda ukaangalie kwa macho yako kabla ya kutia saini. Na ukikosea, sema siku ile ile, wangali hai watu wa kukuamini. Usingoje kama nilivyongoja mimi.

Nanyi mtakaofika mwisho wa barua hii, tafadhali... msicheke.