Ushungi wa Bi Saumu

"Saumu, chai inapoa. Njoo unywe, mke wangu."

Mzee Mbaruku alisema hivyo akiwa kwenye kiti chake cha siku zote, kofia imekaa upande vilevile. Na Mzee Mbaruku alikuwa marehemu. Aliyekaa kitini ni kivulihai, mtambo unaofuma umbo la mtu kwa mwanga na kumrudishia sauti kutokana na rekodi za uhai wake. Mhandisi aliyeubuni ni Mwanahawa, binti yake mwenyewe. Majumba ya ghorofa ya Tanga yalikuwa yamejaa mitambo hiyo, nyumba kwa nyumba, maana wazee waliopotewa na kumbukumbu walikuwa wametulia.

Aliubuni kwa ajili ya mama yake. Mlezi wa kuajiriwa alishindwa, roboti muuguzi akarushiwa sufuria, na kituo cha wazee, mh, alikitazama mara moja akamrudisha mama nyumbani. Bi Saumu alikuwa hali, halali, anatoroka. Kivulihai kilipowashwa, akaitwa akaja, akaambiwa ale akala. Mwanahawa alilia kwa furaha.

Kasoro ilikuwa moja. Joto la Tanga si la mchezo, lakini mama alishinda ndani kajitanda ushungi, na kulala akalala nao. Ni maradhi tu hayo, Mwanahawa akajiambia. Mtoto wa watu kasoma mpaka basi, na hilo halikumshughulisha.

Ijumaa moja roboti ya kuogesha iliharibika, Mwanahawa akaja kumwogesha mama mwenyewe. Bafuni mtambo haukuwekwa, kwa ajili ya staha. Mama alisukuma komeo kwa mkono wake, ndipo akavua ushungi.

"Mwanangu, yule mwanamume ni nani?"

"Yule si ni baba, mama?"

"Baba yako amekufa. Nilimkalia eda nikaimaliza." Alinong'ona, macho yake maangavu kuliko yalivyokuwa kwa muda mrefu. "Yule ana sauti yake, na anajua mambo yetu ya chumbani. Akiniita naenda, naogopa asije akanighadhibikia. Lakini ushungi sijamvulia. Si mume wangu yule."

Mwanahawa alikulia nyumba hiyo hiyo, na hakuwahi kumwona mama akijifunika mbele ya baba. Ukweli ulikuwa juu ya kichwa cha mama yake muda wote, naye akauita maradhi. Utulivu wote ule aliousifia ulikuwa woga.

Alitoka akazima mtambo. Kiti kikabaki kitupu.

Bi Saumu, ushungi umerudi kichwani, alichungulia kutoka mlango wa bafuni. "Ametoka?"

"Ametoka, mama. Nisamehe."

"Funga mlango wa nje basi."

Akaufunga, akijua kesho mama atagoma kula, atatoroka tena, na wa kumfuata barabarani ni yeye. Bi Saumu akaketi mkekani, akafungua ushungi taratibu. Nywele zilikuwa zimegandamana kwa jasho. Mwanahawa akachukua kitana, akaanza kuzichambua.

Ndipo upande wa pili wa ukuta, kwa jirani yao mjane, ikasikika sauti ya kivulihai cha mumewe aliyezikwa zamani.

"Mke wangu, njoo ule."

Bi Saumu akaurudisha ushungi kichwani, akainuka kwenda.